Kutunga Programu ya Kompyuta: Somo la Kwanza

Shikeni kalamu na karatasi, maana leo kuna hesabu.

Chuo cha Uhasibu Arusha, kule Njiro, kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1990. Jina lake ni la uhasibu, lakini siku hizi hufundisha sayansi ya kompyuta pia, mpaka digrii. Kijana anayeanza masomo hayo hana budi kujifunza kutunga programu. Programu ni nini? Ni maagizo ambayo kompyuta huyafuata moja baada ya jingine, bila kuuliza.

Hapo penye "bila kuuliza" ndipo penye kazi. Tutwae mfano wa kahawa. Wenye mashamba Poli na Nkoaranga wanaijua hesabu hii kuliko mimi. Mkulima ameleta kilo 40 kwenye chama cha ushirika. Bei, tuseme, ni shilingi 5,000 kwa kilo, naye alikopa mbolea ya shilingi 150,000. Mauzo ni 200,000. Toa deni, anapokea 50,000.

Sasa tuiagize kompyuta. Soma uzito na deni. Zidisha uzito kwa bei. Toa deni. Andika malipo. Uzito na deni ni kama masanduku yenye majina: jina halibadiliki, kilichomo hubadilika kwa kila mkulima. Maagizo manne, nayo yatawatosha wakulima elfu.

Yatawatosha kweli? Anakuja mama mmoja mwenye kilo 20 na deni lile lile. Pigeni hesabu. Naam, kompyuta itaandika malipo ya hasi 50,000, kisha itamwita wa nyuma yake. Karani angesita, angemwita mwenyekiti. Mashine haisiti.

Basi kabla ya kutoa deni tutie agizo jingine: kama deni limezidi mauzo, fanya hivi. Hivi vipi? Mama arudi mikono mitupu, au akatwe nusu, salio lingoje msimu ujao? Lugha ya Python haina jibu, wala lugha nyingine yoyote ya kompyuta. Jibu ni la mkutano wa wanachama, na mwanafunzi anayejiamulia usiku ili amalize kazi yake amewatungia watu sheria bila wao kujua.

Kwa somo lijalo, andikeni agizo hilo kwa njia zote mbili, mpige hesabu ya yule mama mara mbili. Kwaherini.