Tuonyesheni Mkataba

Msikilizaji, habari umekwisha kuisikia, hatutairudia kwa urefu. Ijumaa hii, tarehe 1 Januari 2021, nafuu ya kodi ya korona tuliyopewa mwezi wa Aprili 2020 inaondoka. Kodi ya ongezeko la thamani, VAT, inapanda kutoka asilimia 14 hadi 16. Kiwango cha juu cha kodi ya mshahara kinatoka 25 na kurudi 30, na cha makampuni vivyo hivyo. Wabunge waliitwa kutoka likizo, wakapitisha, wakarudi nyumbani kula Krismasi. Sasa mwananchi anaingia Njaanuari ya kweli, shule nazo zinafunguliwa Jumatatu.

Tunaambiwa kodi irudi kwa sababu hazina ni tupu na deni linadai. Sawa. Dawa ya deni ni kulipa, hilo tumefunzwa tangu utotoni. Lakini anayelipa huonyeshwa alichokopa. Kituo hiki kimeuliza mwaka jana, kimeuliza mwaka huu, na leo kinauliza tena: mkataba wa reli uko wapi?

Tutafika huko. Kwanza tuangalie mfukoni.

Mchukue mfanyakazi wa shilingi 40,000 kwa mwezi, tuyaweke kando makato ya NSSF na NHIF. Kabla ya Aprili alikuwa akikatwa kodi ya karibu 5,000. Nafuu ilipokuja, akakatwa 2,400. Mwezi ujao atakatwa karibu 4,400. Shilingi 2,000 alizokwisha kuzipangia gesi, nauli na tokeni za stima zimeondoka. Tuseme na ukweli wake: anayepata 24,000 au chini ya hapo ameachwa, bado halipi kodi ya mshahara. Hilo ni jambo jema na tunalipongeza.

Lakini nafuu yenyewe iligawanywa vipi? Wa 24,000 ilimbakishia kama 1,600 kwa mwezi. Wa 40,000 ilimbakishia 2,600. Wa 100,000 ilimbakishia zaidi ya 6,000. Mwenye kingi akaongezewa kingi. Na yule asiye na mshahara? Mama wa mahamri pale Kongowea hana pesilipu. Utingo hana. Kibarua wa mjengo hana. Takwimu za serikali yenyewe zinasema, tukiacha wakulima wadogo, zaidi ya watu 8 kati ya 10 wanaofanya kazi nchini wamo katika jua kali. Hao kodi ya mshahara ikishuka hawaoni, ikipanda hawaoni. Wao walibaki kuitegemea VAT.

Na VAT ilifanya nini? Bidhaa ya shilingi 116 ilipaswa kuuzwa 114. Msikilizaji, nani kati yetu alirudishiwa zile shilingi 2? Sabuni ilibaki bei ileile, mafuta ya kupikia bei ileile. Unga wa mahindi hautozwi VAT, kwa hiyo kwenye sufuria ya ugali nafuu haikufika kabisa. Zile shilingi 2 zilibaki mahali fulani kati ya kiwanda na duka. Ngojeni Ijumaa muone: bei iliyosahau kushuka mwezi wa Aprili itakumbuka kupanda Januari. Na mfanyabiashara aliyesajiliwa asifikiri amepona. Siku hiyohiyo inaanza kodi ya asilimia 1 ya mauzo, hata kwa aliyefunga mwaka na hasara.

Hivyo ndivyo nafuu ilivyokuwa kwetu. Kwa serikali ilikuwaje? Kodi ilipunguzwa Aprili. Mei serikali ikakopa: dola milioni 739 kutoka Shirika la Fedha Duniani, IMF, na dola bilioni 1 kutoka Benki ya Dunia. Hoteli zilikuwa zimefungwa, ndege hazitui, kodi inayoingia ni kidogo, na hiyo kidogo imepunguzwa tena. Pengo likajazwa kwa mkopo. Nafuu tuliyoila mwaka huu iliandikwa kwenye daftari la madeni, na jina lililoandikwa pale ni letu. Wazee wetu walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Harusi ilikuwa ya miezi minane. Matanga hatujui mwisho wake.

Mwaka 2013 deni la taifa lilikuwa chini ya shilingi trilioni 2. Mwisho huu wa 2020 limepita trilioni 7. Sensa ya mwaka 2019 ilituhesabu watu milioni 47.6. Ukigawa, kila Mkenya anadaiwa karibu shilingi 147,000, akiwemo mtoto aliyezaliwa jana. Na mwaka huohuo wa 2019 Bunge lilikubali kupandisha dari ya deni hadi trilioni 9. Hawakuuliza mengi. Hata hivi majuzi, walipoirudisha kodi, hawakuuliza mengi.

Tumefika mahali pa kukopa ili kulipa tulichokopa. Yuroboni ya kwanza tuliichukua Juni 2014, dola bilioni 2. Dola milioni 750 za yuroboni za mwaka huo zilipoiva mwaka 2019, tukaenda tena sokoni tukakopa bilioni 2.1, na sehemu yake ikatumika kulipia ile ya zamani. Mama wa kikundi cha merry-go-round akifanya hivyo, wenzake humwita pembeni wakamuuliza. Serikali nani anaiita pembeni?

Sasa reli. Mnajua kituo hiki hakichoki na reli hii. Wametuambia tuache, imekwisha kujengwa. Hatuachi, kwa sababu bado hatujamaliza kuilipia. Reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi iligharimu zaidi ya shilingi bilioni 300, na sehemu kubwa ni mkopo wa Benki ya Exim ya China. Amri ya kupakia makontena kwenye reli ilipotoka, madereva na utingo wa malori, wenye gereji za Changamwe, wapika chakula wa Mariakani, waliona kazi zao zikiondoka nayo. Pwani imeilipia reli hii kwa kazi zake. Januari itailipia kwa kodi. Mkataba hatujauona. Mwaka 2018 Rais aliwaambia wanahabari kwamba hauna siri na atautoa. Hatujauona. Juni 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema Shirika la Reli halikufuata sheria ya ununuzi katika kandarasi hiyo. Bado hatujauona. Riba ni kiasi gani? Tukishindwa kulipa, kimewekwa dhamana gani? Hapa Mombasa watu wanaiulizia bandari yao vijiweni na misikitini, na jibu hawapewi. Tuonyesheni mkataba!

Wapo wanaosema mambo ya mikopo ni ya wataalamu. Katiba haisemi hivyo. Kifungu cha 214 kinaliweka deni la taifa juu ya Mfuko Mkuu wa Serikali, maana yake pesa ya deni hutoka kwanza. Wauguzi wako mgomoni mwezi huu, madaktari wamewafuata, na wote wanaambiwa wasubiri. Anayetukopesha hasubiri. Kwa sababu hiyo Katiba hiyohiyo, kifungu cha 211, imempa mbunge silaha: Bunge la Taifa au Seneti ikipitisha azimio la kudai habari za mkopo wowote, Waziri wa Fedha ana siku 7 kuzileta mbele ya kamati. Siku 7! Waheshimiwa waliacha likizo wakakutana kutuongezea kodi. Wanaweza kukutana tena kudai mkataba. Silaha wanayo, imelala kabatini.

Kwa hiyo, msikilizaji, usimalize hasira yako kwa mwenye duka. Mbunge wako yuko nyumbani wiki hii. Amekuja kula sikukuu, anahudhuria harusi na matanga, anapiga picha na vijana wa kampeni ya BBI. Mfuate. Mkute msikitini, mkute kanisani, mkute barazani. Usimwombe mia ya chai. Usimwombe fulana. Mwambie, Mheshimiwa, umenirudishia kodi, sasa niletee mkataba. Akikwambia ni mambo makubwa, mwambie kifungu cha 211. Akikwambia atajaribu, mwambie siku 7. Na nyinyi maseneta wetu wa Pwani, hamhitaji ruhusa ya Ikulu. Andikeni azimio. Lisomeni. Lipigieni kura kwa majina, tuwajue waliokataa, kwa sababu 2022 si mbali na sisi tutakuwa na daftari letu.

Mkenya, lipa kodi yako Ijumaa. Halafu dai risiti!