Nyumba Kuukuu ya Bei Nafuu: Tuipime Kabla ya Kuilipia

Hotuba kwa viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, Gulwe



Tume ya Haki na Amani imeombwa iseme juu ya jambo ambalo kwa juujuu laonekana kuwa la biashara tu, yaani ununuzi wa nyumba kuukuu mjini Dodoma. Wapo waliouliza Haki na Amani yahusikaje na kuta na mabati. Lakini ninyi wenyewe mnaona mambo yalivyo. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, ukakaa miaka mingi nusu nusu, kisha mwaka 2016 Serikali ikatangaza kuwa sasa inahama kweli. Tangu hapo viwanja vya mjini vimepanda bei. Mwaka 2024 treni ya reli ya kisasa ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, mji ukazidi kutusogelea. Familia nyingi za huku zina watoto wanaosoma au kutafuta kazi mjini. Basi fedha zikipatikana kwa mkupuo, ziwe za fidia ya shamba, za kiinua mgongo au za ng'ombe waliouzwa, shauri linalotolewa ni lile lile: tafuteni nyumba ya zamani, Majengo, Chamwino, Kikuyu au Chang'ombe; ipo karibu na kila kitu na bei yake inashikika.

Shauri hilo si baya. Nyumba iliyo jirani na soko, hospitali na kituo cha treni humwokolea maskini nauli ya kila siku, na kiwanja kipya cha pembezoni kisicho na maji wala njia si lazima kiwe na nafuu zaidi. Tunaloomba ni kwamba mkishaambiwa bei, muulize kwa nini ni ndogo. Nafuu hiyo ina mahali ilipotoka. Pengine imo ndani ya ukuta, pengine imo katika karatasi, na pengine imetoka kwa mtu aliyekuwa na haki katika nyumba ile asiulizwe.

Tuanze na ukuta, kwa maana ndio unaoonekana. Nyumba nyingi za mitaa ya zamani zimejengwa kwa matofali mabichi au ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, zikapigwa lipu ya saruji baadaye. Sisi tuliolelewa katika tembe hatuna sababu ya kuudharau udongo. Ukuta wa udongo uliofunikwa vizuri juu na kuinuliwa vizuri chini huishi kuliko aliyeujenga. Hatari ni pale saruji inapoficha ugonjwa. Lipu ya saruji haishikamani vema na tofali bichi, na maji yakishaingia nyuma yake hayapati pa kutokea. Gongeni ukuta kwa kifundo cha kidole, hasa sehemu ya chini: ukisikia mlio wa mtungi mtupu, lipu imekwisha kuachana na ukuta. Tazameni pia weupe wa chumvi unaopanda kutoka ardhini, kwa kuwa ardhi yetu ya kanda ya kati ina chumvi nyingi mahali pengi na chumvi hiyo hula tofali polepole. Rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini ya ukuta peke yake na iwatie shaka.

Nyufa nazo hazilingani. Ufa mwembamba kama unywele katika lipu ni jambo la kawaida. Ufa unaoshuka kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha hadi chini, mpana wa kuingiza kidole, wasema kwamba msingi umecheza. Na pale nyumba iliposimama juu ya udongo mweusi wa mbuga, unaovimba kwa maji na kupasuka kwa jua, utacheza tena kila mwaka. Juu darini ingieni na tochi. Chomeni kenchi kwa kisu. Mchwa huacha mti ukiwa mzima kwa nje. Uani ulizeni choo ni cha shimo au cha makaro, na shimo la zamani lilifukiwa wapi, isije mkaja kujenga chumba juu yake.

Zaidi ya yote, nendeni wakati wa mvua. Watu wa Gulwe hawahitaji kufundishwa juu ya maji. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliing'oa reli kati ya Kilosa na Gulwe, nayo ilikuwa imewekwa na wahandisi. Nyumba iliyotazamwa mwezi wa Agosti, vumbi likiwa limekauka, haijatazamwa bado. Kama ni lazima mnunue kiangazi, waulizeni majirani maji hupita wapi, tena muwaulize watoto, ambao hawana dalali wa kumwogopa.

Sasa karatasi. Hapa ndipo mtu wa kijijini hupotea, kwa sababu huchukua desturi ya kijijini na kuipeleka mjini. Huku kwetu ardhi ya kijiji husimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mipaka hujulikana kwa mti na kwa kichuguu. Mjini mwenyekiti wa mtaa aweza kuwa shahidi mwema wa kuwatambua watu, lakini mhuri wake si hati na haumpi mtu miliki. Mwenye nyumba akisema ana hati, mwambieni atoe nakala, kisha mkafanye upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati, mwone jina lililoandikwa ni la nani, na kama nyumba imewekwa rehani au imewekewa zuio. Ada ya upekuzi ni ndogo mno ukiilinganisha na kilio cha aliyenunua nyumba ya benki.

Dodoma ina jambo lake la pekee. Kwa miaka mingi ardhi ya mji ilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyozoeleka kwa jina la CDA, iliyoundwa mwaka 1973. Mamlaka hiyo ilitoa mikataba ya miaka 33. Mwezi wa Mei 2017 ilivunjwa, kazi zake zikapewa Halmashauri ya Manispaa, ambayo mwaka uliofuata ikawa ya Jiji, na wenye mikataba ile wakatakiwa kupata hati za miaka 99. Basi mtu akiwaonyesha karatasi ya zamani yenye mhuri mzuri, fanyeni hesabu: mkataba wa miaka 33 ulioanza mwaka 1990 ulifika kikomo mwaka 2023. Ikiwa haukubadilishwa, anachowauzia ni kuta pamoja na kazi ya kwenda Jiji kuuliza. Na mahali kama Chang'ombe, ambako nyumba zilitangulia upimaji, ulizeni kama kiwanja kimepimwa, kama njia iliyochorwa haipiti sebuleni, na kama ukutani hapana alama ya X iliyofunikwa kwa rangi mpya. Kodi ya pango la ardhi, ankara za maji na mita ya umeme, ambayo tangu mwaka 2021 hukatwa pia kodi ya jengo, vyote viulizwe deni lake.

Tumefika kwa watu, na hapa tunaomba mtuvumilie, maana ndipo Tume yetu hupata mashauri.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia iuzwe na mume au mke bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina lililoandikwa ni la mmoja. Hata hivyo huwa tunaona mikataba ambamo mke ametiwa sahihi kama "shahidi", au ameletwa dada wa muuzaji akaitwa mke. Msikubali kumwona mama mwenye nyumba siku ya kutia sahihi tu. Nendeni nyumbani siku nyingine, mketi naye, mumsikie akisema kwa kinywa chake kwamba ameridhia na kwamba anajua atakapohamia. Akinyamaza huku akiangalia chini, hiyo si ridhaa, na mnunuzi Mkristo hana ruhusa ya kujifanya hakuona.

Nyumba za zamani ni nyumba za marehemu. Aliyejenga amekwisha kufariki, na anayeuza ni mtoto, mpwa au kaka. Huyo, hata akiwa mkubwa wa ukoo, hana uwezo wa kuuza mpaka mahakama imteue kuwa msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo humpeleka mahakamani, haumpeleki sokoni. Na hata akiwa msimamizi, anauza kwa niaba ya warithi, wakiwamo mjane na watoto wadogo wasioweza kutia sahihi. Mara nyingi haraka ya muuzaji ndiyo hueleza udogo wa bei: anataka fedha kabla binti aliyeolewa Singida hajarudi kudai fungu lake. Anayenunua katika haraka hiyo amekula fungu la binti yule, na asishangae akimkuta siku moja katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kisha wapo wapangaji. Nyumba ya mtindo wa zamani, yenye korido katikati na vyumba pande mbili, aghalabu huwa na kaya nne au tano ndani yake, na muuzaji huahidi kuikabidhi "ikiwa tupu". Tupu kwa njia gani? Wazee wetu waliohama katika Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 wanajua ilivyo kuacha ukuta uliokandika kwa mikono yako. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita ana haki ya miezi sita, au ya kurudishiwa fedha yake, na jambo hilo liandikwe katika mkataba wa mauziano: nani anarudisha, kiasi gani, lini. Wanajumuiya wetu wamo miongoni mwa wapangaji wa Dodoma. Tukumbuke kuwa kaka ananunua na dada anatolewa nje, wote wa kigango kimoja.

Mkishajua hayo, ndipo mfanye hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba inauzwa shilingi milioni 20. Fundi asiyejuana na dalali akisema paa na ukuta wa nyuma vitakula milioni 6, na kumaliza mirathi, hati na madeni kukahitaji milioni 3, basi bei mnayoilinganisha na nyumba nyingine ni milioni 29. Pengine bado inafaa. Pengine kwa fedha hiyo mngepata nyumba ndogo isiyo na ugomvi. Kwa fedha nyingi mwiteni mthamini aliyesajiliwa. Na mkataba uandikwe na wakili, mlipe kwa njia ya benki, msibebe fedha taslimu kwenye kikapu.

Atakayesema kwamba karatasi nyingi ni dalili ya imani haba, asome sura ya 32 ya Kitabu cha Nabii Yeremia. Mji ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Babeli, nabii mwenyewe alikuwa kifungoni, na bado aliponunua shamba la Anathothi kwa binamu yake Hanameli alipima shekeli zake 17 za fedha kwa mizani, akatia sahihi na muhuri, akaita mashahidi, akatengeneza nakala iliyofungwa na nakala iliyo wazi, akamwagiza Baruku aziweke katika chombo cha udongo zipate kudumu. Aliuamini wema wa Mungu na bado akaweka mashahidi.

Tume itakaa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi baada ya Misa ya asubuhi. Mwenye mkataba, hati au muhtasari wa ukoo anaotaka usomwe alete nakala kwa katibu wa jumuiya yake, abakize nyumbani karatasi ya asili. Mume na aje na mkewe. Na waje kabla ya malipo ya kwanza, hata yale yanayoitwa "ya kushikilia", kwa kuwa fedha ikishatoka tutaweza kuwasindikiza barazani tu.