Kitabu Kwanza, Spana Baadaye
(Maneno ya mratibu wa miradi kwa kamati za sharika na wahisani, Ifakara)

Wajumbe wa kamati na wahisani wetu, tunawashukuru kwa kufika, hasa ninyi mliopita kwenye tope la Malinyi.

Tuanze na kosa letu. Usharika mmoja ng'ambo ya mto ulikuwa na Yamaha AG100 ya mwinjilisti. Kamati ilitaka kupunguza gharama za fundi, nasi tukawapa kopi ya kitabu cha matengenezo bila kutazama ni cha pikipiki gani. Kilikuwa cha Honda. Kilisema oili huwekwa ndani ya injini tu, nao wakafuata. Kumbe AG100 ina tangi lake dogo la oili, kwa kuwa injini yake huchoma oili pamoja na petroli. Tangi likakauka, pistoni ikakamata. Mwinjilisti alizunguka mitaa yake kwa miguu masika yote. Kamati ilisoma vizuri. Sisi ndio tuliowapa kitabu kisicho chao.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kitabu, someni namba ya fremu iliyogongwa kwenye shingo ya usukani, na namba ya injini. Kurasa za mwanzo za kitabu zitaje aina hiyo hiyo na miaka ya kutengenezwa. Kopi isiyo na kurasa hizo msiinunue, hata kwa bei ya karanga. Kisha tazameni kama kinataja nguvu ya kukaza kila bolti, na kwa kipimo gani: N·m 10 ni karibu sawa na kg·m 1. Anayechanganya vipimo hivyo atakata bolti.

Kitabu kidogo kinachokuja na pikipiki mpya kinatosha kwa cheni, plagi na kichujio cha hewa. Kufungua injini kunataka kitabu cha fundi kutoka kiwandani. Vile vya Haynes vya Uingereza vilijijengea sifa kwa sababu waandishi walifungua chombo chenyewe na kukifunga tena, lakini vingi ni vya pikipiki zilizouzwa huko.

Wahisani wetu, daraja la Kilombero lililozinduliwa 2018 limetuondolea kungoja kivuko. Tope bado tunalo. Mnapotoa pikipiki, tunaomba bajeti iwe na kitabu cha fundi cha aina hiyo hiyo. Kurasa za matengenezo ya kila wiki tutazitafsiri sisi. Nanyi kamati, kikao kijacho njooni na namba za fremu zimeandikwa.