Mahari Imelipwa, Cheti Kiko Wapi?

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)

 

Katika kazi yetu tumekaa na mama aliyefiwa na mume. Mahari ililipwa, watoto walizaliwa, shamba walilima pamoja. Baada ya matanga, shemeji wakauliza: "Wewe ni nani hapa?" Hakuwa na karatasi hata moja.

Ndugu zetu, Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ile ya kanisani. Lakini inataka iandikishwe. Sherehe zikiisha, Msajili wa Ndoa ajulishwe katika miezi 3. Kisha katika miezi 6 tangu kuoana, mume na mke waombe cheti, na wote wawili wafike mbele yake wenyewe. Hakuna kumtuma shangazi! Bebeni vitambulisho. Aliye chini ya miaka 18 haozwi, hata wazee wakikubaliana.

Kuandikisha kulianza Agosti 2017. Basi ninyi mlioana zamani, msione haya. Nendeni mkaulize, mngali hai wote wawili. Barua ya chifu husaidia, lakini si cheti.

Na kanisa bado linawangoja mje mfunge ndoa takatifu.

Tunaomba kila kikundi kwenye mkutano ujao kiulize: nani hana cheti? Wapange siku, wachange nauli, waende pamoja. Mjane asije akaulizwa tena yeye ni nani.

Mungu awabariki.