MFANYA KAZI SI SANDUKU: MANENO JUU YA UHAMISHO WA MOMBASA NA NAIROBI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa mitaa ya Eastlands, Nairobi)



Tumeombwa na tawi letu tuseme machache juu ya uhamisho, kwa sababu sisi ni miongoni mwa wale waliopanda kutoka Mombasa kuja kukaa huku Eastlands. Tutasema “sisi”, wala si kwa kujikuza. Mambo yaliyoipata nyumba yetu yamezipata nyumba nyingi za watu waliokaa humu ndani, kuanzia Makadara mpaka Kayole.

Ndugu wanachama, watu wa reli na kuhama ni kama uta na mshale. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika hapa Nairobi mwaka 1899, wakati mahali hapa palikuwa nyika na kinamasi, na mwaka 1901 ikafika ziwani Kisumu. Mji huu wenyewe ni mtoto wa reli. Kwa hiyo hatukuja kulalamika kwamba mtu ametolewa stesheni moja akapelekwa nyingine, maana kazi ndiyo hiyo. Twauliza neno moja tu: gharama ya kuhama ni kiasi gani kwa kweli, na nani anailipa?

Kwanza yafaa tukumbuke habari za zamani kidogo. Zamani za ukoloni mfanya kazi Mwafrika mjini alihesabiwa kuwa kapera, hata kama ana mke na watoto sita. Alipewa mshahara wa mtu mmoja na chumba cha mtu mmoja, na jamaa yake ilidhaniwa kula shambani. Vyumba vya reli vya Muthurwa vilijengwa kwa fikira hiyo: chumba kimoja, na bomba na choo vya shirika. Mwaka 1939 wafanya kazi wa Mombasa waligoma, na posho ya nyumba ilikuwa miongoni mwa madai yao makubwa. Januari 1947 waligoma tena, watu kama 15,000, wa reli na wa gati na wa mahoteli, siku zipatazo 12, wakikutana katika uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Katika harakati hizo chama chao, African Workers’ Federation, kiliongozwa na Chege Kibachia, ambaye serikali ilimkamata mwaka huo huo. Mwaka 1954 kamati ya mishahara ya Bwana Carpenter ilikubali kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mtu asiye na jamaa, ikasema hatua kwa hatua upimwe kwa mtu mwenye mke na watoto.

Twayasema haya kwa nini? Kwa sababu mshahara umetoka katika hesabu ya ukapera, lakini uhamisho haujatoka. Mtu akipewa barua ya kuhama, mara nyingi huhesabiwa nauli yake, na mzigo wake, basi. Ni kama mtu ni sanduku: litiwe garini huku, lishushwe kule.

Sasa tufanye hesabu. Huu ni mfano tu, kila mmoja atie kodi ya nyumba yake. Tuseme kodi ya chumba na sebule ni shilingi 10,000. Mwenye nyumba wa Nairobi ataka kodi ya mwezi wa kwanza na amana ya mwezi mmoja: hiyo ni 20,000. Mwenye nyumba wa Mombasa naye ataka notisi ya mwezi mmoja, na kama barua ya uhamisho imekupa siku 14 tu, utalipa kodi ya chumba usichokilalia: hiyo ni 30,000. Amana yako ya Mombasa itarudi, lakini baada ya kukatwa rangi ya ukuta na kitasa kilichovunjika, nayo itarudi baadaye, wakati wewe wataka pesa leo. Basi shilingi 30,000 zimetoka kabla kitanda hakijaguswa.

Halafu lori. Hapa kuna jambo wengi hawalijui, na sisi hatukulijua mpaka lilipotugharimu. Shehena nyingi hutoka bandarini kupanda bara, na shehena ya kushuka ni chache kuliko hiyo. Malori mengi hurudi pwani yakiwa matupu. Kwa hiyo anayehama Nairobi kwenda Mombasa aweza kupata dereva anayefurahi kupata chochote njiani, lakini anayehama Mombasa kuja Nairobi anashindana na mali ya bandari. Barabara ni ile ile, kilomita zapata 480, na bei si moja. Posho ya mzigo ikiwa sawa kwa pande zote mbili, anayepanda ndiye anayeumia.

Mtu atasema: si kuna gari la moshi? Liko. Tangu mwaka 2017 gari la abiria la reli mpya lakimbia kati ya Miritini na Syokimau kwa saa tano hivi, na zamani safari hiyo ilikuwa ya usiku mzima. Ni njia nzuri ya kuwaleta mama na watoto, na kutoka Syokimau kuna gari la mjini linalosimama Makadara. Lakini hilo ni gari la watu, si gari la vitanda na makabati. Vitanda vyataka lori, na lori lataka hamali huku na hamali kule, na hamali wa Eastlands akiambiwa nyumba ni ghorofa ya tano, hutazama juu kwanza, kisha hutaja bei.

Gharama hizo zaonekana, na karani aweza kuziandika. Tuje kwa zile zisizoandikwa.

Mama wa nyumba yetu alikuwa akipika mahamri na mbaazi Changamwe, akiuza alfajiri kwa watu waendao kazini. Hakuwa na duka wala bango. Mali yake ilikuwa karai moja, meza moja, na watu wanaomjua. Siku tulipopakia lori, karai na meza vilipanda, watu hawakupanda. Katika daftari lake yalibaki madeni ya wateja, maana wengine hulipa mwisho wa mwezi, nasi tuliondoka katikati ya mwezi. Tulipofika huku alipika vile vile, kwa unga ule ule, na asubuhi ya kwanza alirudi na karibu beseni zima. Watu walipita wakinunua kwa yule waliyemzoea, wala si kosa lao. Ilimchukua miezi kupata wateja wa kutosha kununua unga wa kesho. Miezi ile mshahara mmoja ulibeba kazi ya mapato mawili. Je, katika barua ya uhamisho imeandikwa wapi hasara hiyo?

Kadhalika dukani. Kule Mombasa mwenye duka alitujua, na mwezi ukiwa mrefu alitupa unga tukalipa baadaye. Huku tulikuwa wageni. Mgeni hununua kwa fedha taslimu, na kwa kuwa fedha ni kidogo, hununua mafuta ya kupima na sukari ya kupima, na kipimo kidogo kidogo mwishowe ni ghali kuliko chupa nzima. Kuaminika ni akiba, ndugu, na akiba hiyo haihamishiki.

Sasa tuseme juu ya maisha yenyewe, maana wenzetu wengine wana barua mfukoni hivi sasa, wengine za kushuka, wengine za kupanda.

Anayepanda Nairobi asilete feni kwanza, alete blanketi. Miezi ya sita, ya saba na ya nane baridi ya huku si mchezo kwa mtoto aliyezaliwa pwani. Maharagwe nayo yatamshangaza mama. Mji huu uko juu ya bahari zaidi ya mita 1,600, na maji ya huku huchemka kwenye digrii kama 95, hayafiki 100 kama ya Mombasa. Sufuria yatokota, maharagwe bado magumu. Basi ayaloweke usiku, ama sivyo gesi na makaa vitaisha kabla ya wiki. Mboga huku ni rahisi, kwa sababu sukuma wiki, kabeji na viazi vyatoka karibu, na nguo za mitumba ziko tele Gikomba. Lakini nazi na samaki wa baharini avihesabu kuwa chakula cha sikukuu. Nauli aiwekee akiba: mvua ikinyesha jioni, matatu hupandisha bei, na mtu aliyeweka nauli ya asubuhi tu hurudi kwa miguu.

Anayeshuka Mombasa naye ataacha sweta, lakini stima itamla kwa feni, maana usiku wa joto watoto hawalali. Akikaa Likoni, kivuko ni bure kwa waendao kwa miguu, lakini muda wa foleni si bure, aamke mapema. Maji ni taabu huku na huku. Katika miji yote miwili anunue jerikeni kabla ya kununua kiti.

Na lugha. Mtoto wetu alifika shule ya huku, akamwamkia mwalimu kwa shikamoo na kuwasemesha wenzake kwa Kiswahili cha Changamwe, wakamcheka wiki nzima. Wao walisema Sheng, naye hakuijua. Leo aijua kuliko sisi tunavyotaka. Lakini muhula ule aliingia katikati, kwa yunifomu ya rangi nyingine, na alama zake zilishuka. Hilo nalo halikuandikwa katika barua.

Kwa sababu hizo, wenzetu wengi huamua kuacha jamaa Mombasa na kuja peke yao. Hatuwalaumu. Lakini wafanye hesabu: kodi mbili, meko mawili, pesa za kutuma kila wiki, nauli ya kwenda kuona watoto kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja wengine wamelipa zaidi ya gharama ya kuhamisha nyumba nzima, nao wamekuwa makapera wa mwaka 1954, bila kulazimishwa na serikali yoyote.

Ndugu wanachama, sheria yasemaje? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yasema mwajiri atoe nyumba ya kufaa karibu na mahali pa kazi, au aongeze juu ya mshahara kiasi cha kutosha kodi, isipokuwa kama imekubaliwa kwamba kodi imo ndani ya mshahara. Kifungu cha 10 chataka mahali pa kazi paandikwe katika mkataba, na jambo hilo likibadilika, mwajiri ashauriane na mfanya kazi na kumjulisha kwa maandishi. Neno ni “ashauriane”. Lakini amri ya mishahara ya chini yaweka Nairobi na Mombasa katika safu moja, kwa hiyo mtu asingoje kwamba kuhama tu kutamwongezea. Kiasi cha posho ya uhamisho chategemea zaidi makubaliano ya Chama na mwajiri. Yaani chatutegemea sisi.

Basi twaomba Halmashauri ichukue mambo matano haya mezani wakati wa mazungumzo:

Moja, barua ya uhamisho itoke mapema, isipungue mwezi mmoja, ili mtu atoe notisi ya nyumba.

Mbili, mwenye watoto shuleni ahamishwe wakati shule zimefungwa, isipokuwa kwa jambo la dharura.

Tatu, pesa za kuhamia zilipwe kabla ya safari. Mtu akilipwa baada ya kuleta risiti, atakuwa amekwisha kukopa kwa riba.

Nne, mzigo ulipwe kwa bei ya lori ya kweli ya upande ule anaokwenda mtu, na nauli ihesabu mke na watoto.

Tano, iwepo posho ya miezi mitatu ya kwanza, kwa ajili ya pato la nyumba lililokatika. Hili ni jipya, na tutaambiwa haliwezekani. Posho ya nyumba nayo iliambiwa hivyo hivyo mwaka 1939.

Na sisi kwa sisi, tusingoje mwajiri katika kila neno. Katibu wa tawi la Mombasa na wa hapa waweke daftari la vyumba vitupu, na la malori yanayoshuka matupu. Mwanachama akifika, mwenzake mmoja ampeleke kwa mwenye duka na kusema, “Huyu ni wetu.” Neno hilo halina gharama, na sisi tulilikosa. Kina mama nao wamwonyeshe mama mgeni kona ya kuwekea karai lake, wasimwone mshindani. Na kila anayehama aandike kila senti, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari, na Chama hakiwezi kudai kitu kisichoandikwa.

Mama aliyetajwa humu ameketi kule nyuma, na mahamri ya chai ya leo ni yake. Amesema leo halipi mtu. Kesho alfajiri yuko mahali pake, nanyi mnapajua.

Maswali yakiwepo, tuko tayari kujibu.