Sindano ya Moyo Haichomwi kwa Kukisia



Mama anayeanika dagaa mwaloni huenda akawa ameketi tu juu ya gunia, mara moyo wake ukaanza kwenda mbio kana kwamba amepanda mlima. Majirani husema ni presha. Wengine hunong'ona habari za jicho la mtu. Akifikishwa zahanati, wanawe huomba jambo moja: mama achomwe sindano ya kutuliza moyo, warejee nyumbani kabla jua halijazama. Sindano hiyo ipo kweli. Lakini mtabibu anayekataa kuichoma papo hapo na kuandika rufaa hajamnyima mgonjwa haki yake. Huenda ndiye aliyemwokoa.

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Huongozwa na umeme mdogo unaozaliwa katika chumba chake cha juu, upande wa kulia. Umeme huo huweza kupotea njia kwa namna nyingi. Pengine huzunguka mahali pamoja bila kutoka. Pengine vyumba vya juu hutetemeka badala ya kupiga, hali inayowapata wengi ambao milango ya mioyo yao iliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi, iliyotokana na mafindofindo yasiyotibiwa. Namna ya hatari zaidi ni ile inayoanzia vyumba vya chini, ambayo huweza kuua kwa dakika chache. Vidole vinavyoshika kifundo cha mkono huhisi mbio tu. Kinachotofautisha ni karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo, ambacho hospitalini hukiita ECG.

Tofauti hiyo ina uzito, kwa sababu kila sindano ina mahali pake. Adenosini husukumwa mshipani kwa kasi na kufuatishwa mara moja na maji ya chumvi, kwani nguvu yake hudumu sekunde chache. Moyo huweza kusita kidogo, mgonjwa akahisi kifua kimembana, kisha mapigo yakarudi katika mwendo wake. Kwa mwenye pumu, dawa hiyo huweza kubana pumzi. Amiodaroni, iliyobuniwa Ubelgiji mwaka 1961, huingizwa taratibu kwa dripu huku presha ikifuatiliwa, kwa maana huweza kuishusha ghafla. Ndani yake mna madini joto mengi, yale yale yatiwayo katika chumvi. Hivyo mwenye goita hana budi kusema mapema. Digoksini hupunguza kasi ya mapigo, ila kwa aliyeharisha hadi akapungukiwa na potasi, hata kipimo cha kawaida huweza kumgeukia sumu.

Neno sumu halikutumika hapa kwa kutia chumvi. Katika safari ya Livingstone huko Zambezi, kati ya 1858 na 1863, Daktari John Kirk, ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, aliweka mswaki wake pamoja na sumu ya mishale iitwayo kombe. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Mwaka 1906, Albert Fraenkel huko Strasbourg alianza kuwachoma wagonjwa wa moyo mshipani dawa iliyotokana na mimea ya jamii hiyo, iliyo jamaa wa karibu wa digoksini. Kilichoua mnyama porini kilimsaidia mgonjwa kitandani, na tofauti ilikuwa kipimo. Ndiyo maana mgonjwa aliyekunywa dawa ya mizizi anapaswa kumweleza daktari bila kuona haya. Akificha, huchomwa dawa juu ya dawa.

Malalamiko kwamba rufaa ni kuzungushwa yana msingi pale mgonjwa asipoelezwa sababu. Mwananchi ana haki ya kuuliza: moyo umeonekana una tatizo gani, na huko aendako kuna nini ambacho hapa hakipo? Jibu la kawaida ni mashine ya ECG, monita, na wahudumu walio tayari kuushtua moyo kwa umeme endapo dawa itauvuruga zaidi.

Kwa wa Sengerema na Buchosa, njia ya kwenda Sekou Toure au Bugando imefupika tangu Juni 19, 2025, Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa kati ya Kigongo na Busisi. Gari la wagonjwa halingoji tena kivuko hapo. Wa visiwa vya Kome na Maisome bado hutegemea ziwa, na ziwa lina upepo wake. Kwao safari haina budi kuanza mapema zaidi. Mbio za moyo zikiandamana na kuzirai, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, kusiwe na kungoja kukuche.

Mbio zikikoma njiani, safari iendelee. Msindikizaji akumbuke saa zilipoanza na zilipokoma, na abebe maganda ya dawa zote zinazotumika nyumbani. Karatasi ya ECG iliyochukuliwa moyo ukiwa mbioni itunzwe pamoja na kadi ya kliniki, isikunjwe wala kuloweshwa mtumbwini, kwa sababu mapigo yakishatulia, kipimo kipya huweza kuonyesha moyo usio na kasoro yoyote.