Matunda ya Mama Mjamzito Wakati wa Kipupwe: Mfano wa Mkoa wa Singida



Mazungumzo yetu ya leo yanahusu chakula cha mama mjamzito, na hasa matunda yanayomfaa katika miezi ya kipupwe. Tumeuchukua Mkoa wa Singida kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tuna jamaa waliokwenda Bara kwa kazi, masomo au ndoa. Pili, sisi wa Visiwani tukikosa tunda moja hupata jingine. Lakini Singida, iliyo katika uwanda wa juu wa kati wenye msimu mmoja tu wa mvua, haina wingi huo. Anayejua kuchagua huko atajua kuchagua popote.

Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa Singida huwa mkavu na wa baridi, na msimu wa maembe huwa umekwisha zamani. Tofaa linaloletwa kutoka nje ya nchi, jekundu na lenye kung'aa, huhesabiwa na wengi kuwa ndilo tunda la heshima, na mume mwenye huruma hujinyima ili amnunulie mkewe. Hilo ni jambo la wema, lakini fedha hiyo hiyo ingeweza kuleta faida kubwa zaidi.

Inafaa ieleweke kwanza tunatafuta nini katika tunda. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 57 ya wajawazito nchini Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Mama wa hali hiyo anapotokwa na damu wakati wa kujifungua huwa hana akiba. Kiasi ambacho mwenziwe angekistahimili, yeye chaweza kumwondolea uhai. Damu hujengwa kwa madini ya chuma. Ugali wa mtama au uwele, pamoja na mlenda na mboga nyingine za majani, una madini hayo, ila mwili huyafyonza kwa shida. Vitamini C ikiliwa katika mlo huo huo huurahisishia mwili kazi hiyo.

Basi na tuyapime matunda kwa kipimo hicho. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo yameshauri mama mjamzito apate miligramu 55 za vitamini C kwa siku. Gramu 100 za tofaa hutoa kiasi cha miligramu 5 tu. Uzito huo huo wa chungwa hutoa kiasi cha 50, papai bivu 60, na pera hupindukia 200. Unga wa ubuyu hutofautiana mti kwa mti, lakini kwa kawaida hulishinda chungwa mara kadhaa. Nao mbuyu humea Singida kwenyewe, matunda yake huvunwa wakati wa ukavu, na unga wake hukaa ndani ya ganda bila ya kuhitaji jokofu.

Ukwaju nao hupatikana na hutia hamu ya kula, lakini uchachu si dalili ya vitamini C. Ukwaju unayo kidogo sana, wala usidhaniwe kuwa badala ya ubuyu. Papai liwe bivu kabisa, kwani utomvu wa papai bichi haumfai mwenye mimba.

Kwa hivyo, tunanasihi mambo yafuatayo:

1. Tunda liliwe pamoja na chakula, au mara tu baada yake.

2. Unga wa ubuyu ukorogwe katika maji yaliyochemshwa yakapoa. Usichemshwe, kwani moto huharibu vitamini C. Ubuyu uliopikwa kwa sukari na rangi, tunaoupenda sana hapa Visiwani, uhesabiwe kuwa ni peremende.

3. Baridi huzidisha hamu ya chai, nayo chai ya majani huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Inywewe baada ya kupita saa moja au zaidi tangu kula.

4. Matunda yaoshwe kwa maji safi. Yaliyokatwa sokoni na kuachwa wazi kwa nzi yasinunuliwe.

5. Mama mwenye kisukari apate kwanza ushauri wa mhudumu wa afya juu ya kiasi cha kula.

Hata hivyo, matunda hayachukui nafasi ya vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki vinavyotolewa kliniki. Mama ahudhurie mapema, mara tu anapojitambua kuwa ni mjamzito. Akiona kizunguzungu, akihema kwa kazi ndogo, au viganja na ndani ya kope vikipauka, asingoje siku ya miadi.

Mwisho, nasaha hizi si za akina mama peke yao. Mwenye kushika fedha ya nyumba, na mama mkwe anayepanga chakula, nao wanahusika. Ubuyu wa kutosha wiki nzima haumfilisi mtu, na damu inayojengwa leo ndiyo itakayomsimamisha mama siku ya kujifungua.